Nimekata Sare ya Sendofu ya Dada Nikaishonea Mifuko

Mama Leonida mpendwa, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Rhotia, hapa Karatu, nina miaka kumi na nane, nilimaliza kidato cha nne Novemba iliyopita na sasa niko nyumbani nasubiri nafasi ya chuo cha ufundi. Nakuandikia kwa sababu kusema kwa mdomo kumenishinda, hata shuleni mwalimu alikuwa akiniuliza swali ambalo jibu lake nalijua, nasimama, naangalia viatu vyangu, mpaka anachoka ananiambia keti. Tatizo langu ni gauni, na zimebaki siku kumi na tisa tu, naomba usicheke kabla hujafika mwisho.

Nianzie mbali kidogo ili unielewe. Mimi ni mrefu na mikono yangu ni mirefu kuliko mimi, na tangu utotoni sijui pa kuiweka watu wakinitazama. Nguo ambazo mama alininunulia mnadani mikono yake iliishia karibu na kiwiko, na magauni ya dukani hayana mfuko hata mmoja. Sketi ya shule ilikuwa na mfuko mmoja upande wa kulia, kwa hiyo kwa miaka minne mkono wangu wa kulia uliishi humo kwa raha, wa kushoto ndio uliopata tabu. Nilipomaliza shule nikaanza kujishonea mwenyewe kwa cherehani ya mama, na kufuma pia, kwa sababu wewe unajua baridi ya huku mwezi wa saba, ukungu unakaa mlangoni mpaka saa nne asubuhi kama mgeni asiyeaga. Siku za mnada nanunua sweta kubwa za mtumba ambazo hakuna anayezitaka, zenye tundu kwenye kiwiko au picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe kifuani, nazifumua, uzi nauosha na kuuanika na jiwe chini ili unyooke, halafu nafuma upya kitu cha kunitosha. Sindano zangu ni spoku mbili za baiskeli ya baba nilizozinoa, na baba alipouliza mbona gurudumu la nyuma linayumba nilikaa kimya, hilo nalo naliungama hapahapa.

Sasa nina nguo saba za mikono yangu. Zote zina mikono inayofika mwisho, kola ya kusimama, na mifuko miwili yenye kina, kwa sababu nimegundua kwamba nikiwa na mifuko najua pa kuweka mikono, na nikijua pa kuweka mikono naweza hata kuwaamkia watu kabla hawajanisalimia. Lakini nilikuwa nazivaa nyumbani tu. Rafiki yangu Nanyokie wa Kakesio, tuliyesoma naye bweni moja, alinipa shuka yake nyekundu ya zamani nikaishona koti, alipokuja kunitembelea akaliona akacheka mpaka akakaa chini. "Umeishonea shuka mikono! Baba akiiona atauliza inataka kukimbilia wapi." Halafu akalijaribu, akaingiza mikono mifukoni, akasema, "Nishonee na mimi." Na dada yangu Germana alilichukua koti hilohilo kwenda nalo Endabash bila kuniomba, akalirudisha siku ya nne.

Sasa nafika penyewe. Germana anaolewa, na sendofu yake, sherehe ya kumuaga nyumbani, itafanyika ukumbi wa parokia. Wasichana sita tutamwingiza ukumbini kwa mstari, na mimi mdogo wake nimo, tena nimewekwa karibu naye kabisa. Tumepewa sare, kitenge cha buluu chenye maua ya rangi ya haradali, kizuri sana, Mama Leonida, sina neno na kitenge. Shida ni mshono. Aliyeuchagua ni shangazi Selestina, dada yake baba, mwenyekiti wa kamati ya akina mama. Shangazi ni mpishi kwenye hoteli moja ya watalii, kwa hiyo sauti yake imezoea kupita juu ya masufuria. Tulikwenda naye kwa fundi Modest, akasimama mbele ya picha za mishono zilizobandikwa ukutani, akagonga moja kwa kidole.

"Hii. Inabana mpaka magotini, halafu inafunguka mkia wa samaki. Mabega nje."

"Shangazi, mabega nje mwezi wa saba?" Germana akauliza.

"Baridi haimpati mtu aliyependeza." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe Twiga wangu, safari hii watu watajua kumbe una kiuno."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka, shangazi ananipenda, jina la Twiga ni la mapenzi. Lakini binamu yangu Angela alipotangulia kushonewa nikalijaribu gauni lake. Kutoka kwenye kochi mpaka mlangoni kwetu mimi huwa natembea hatua nne, siku ile nilitembea kumi na moja, na mikono yangu ikabaki inaning'inia hadharani haina kwao. Nilijitazama kwenye kioo nikaona kama nimevaa mtu mwingine. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa, Angela akasema, "Umependeza, eeh?" nikasema eeh.

Wiki iliyopita mama alikuwa shambani kwenye mavuno, mimi nikatandaza kitenge changu mezani. Nilijiambia napima tu. Kisha nikajiambia nachora tu kwa chaki, chaki inafutika. Halafu sijui niseme nini, Mama Leonida, mkasi ukaenda. Nilishona siku tatu, mama akirudi nalifunika kwa gunia. Nililifumia kola ya kusimama na miisho ya mikono kwa uzi wa haradali nilioupata kwenye sweta moja ya mtumba, rangi ileile ya maua ya kitenge, nikalishonea marinda mapana ya kutembea na kuchezea, na mifuko miwili imejificha ndani ya marinda usiyoiona mpaka mkono uingie. Nilipolivaa mbele ya kioo cha mama niliona mtu ninayemfahamu. Nilifurahi kwa muda wa kama dakika kumi. Halafu nikakumbuka mstari.

Mbio nikaenda Karatu mjini kwenye duka tulikonunua, kitenge kimekwisha, mwenye duka anasema mzigo mwingine wa maua yale hatarajii kuupata. Juzi fundi Modest akanikuta stendi, akasema mbele za watu, "Dada, watano nimemaliza, nakusubiri wewe tu. Kitambaa uko nacho wapi, au umekipika?" Nikamwambia nitakileta kesho. Jana shangazi akapitia nyumbani akauliza, "Twiga, gauni lako limefikia wapi?" Nikamjibu, "Linaendelea vizuri, shangazi," na gauni wakati huo limeshamalizika na lipo chini ya kitanda alichokikalia.

Silali vizuri. Siku ya sendofu wasichana watano watapita wakiwa sawasawa na wa sita atakuwa mimi, na ukumbi mzima utaniangalia, mimi ambaye nalikimbia hata jicho la mwalimu mmoja. Nimefikiria siku hiyo niseme nina malaria. Lakini Germana hulia kwa vitu vidogo, alilia hata kuku wetu alipototoa, nisipokuwepo kwenye mstari wake atalia vibaya. Nimefikiria pia kumwomba Angela anikopeshe gauni lake la samaki, halafu nikakumbuka kwamba Angela naye yumo kwenye mstari. Je, niseme au nijifiche? Na je, ni kosa mtu kutaka kuvaa nguo inayofanana naye?

Naomba usitaje jina langu.

Ni mimi, Mwenye Mifuko, Rhotia.

JIBU LA MAMA LEONIDA

Marahaba, Mwenye Mifuko. Barua yako nimeiweka mbele ya nyingine kumi kwa sababu ina tarehe ndani yake. Ukisoma hapa zitakuwa zimebaki siku kumi na nne, kwa hiyo nisikilize vizuri, na usinisome umesimama.

Uliniomba nisicheke. Nimecheka. Shangazi amekalia kitanda, gauni liko chini yake, nawe unamwambia linaendelea vizuri! Nimemsomea mume wangu kipande hicho mara mbili. Sasa nimemaliza kucheka, nakugombeza.

Mkasi hauendi. Nina mkasi hapa nyumbani mwaka wa ishirini, sijauona ukienda popote bila mkono wa mtu. Uliupeleka wewe, na ulijua, ndiyo maana ulilifunika kwa gunia. Kitenge kile hukupewa kiwe chako peke yako. Ulipewa kiwe sehemu ya sita ya jambo moja, na jambo lenyewe ni la dada yako. Wewe ukakaa na kuamua kwa niaba ya watu sita, tena kimyakimya. Kosa lako ndilo hilo, wala usilitafute kwenye mifuko. Siku ile kwa fundi Modest ungesema, "Shangazi, mimi hii itanishinda kutembea," yangekwisha kwa mzaha mmoja na wewe ungekuwa umelala usingizi. Najua una haya, mwanangu, na haya kwa binti si aibu. Lakini haya si ruhusa ya kutosema. Angalia ilikokufikisha: umekimbia macho ya watu, umekimbilia katikati ya ukumbi.

Malaria nakukataza kabisa. Shangazi yako ni mpishi, atakuja kitandani na uji na kipimo cha homa, na safari hii atainama aangalie chini.

Umeniuliza kama ni kosa kutaka nguo inayofanana na wewe. Hapana. Mimi kabatini nina sare kumi na moja za harusi za watu, na ninayoivaa mpaka leo ni moja tu, ile iliyonikaa. Nyingine nazitazama kama picha za watu niliosafiri nao basi moja. Wewe una miaka kumi na nane na umeshajua urefu wako, rangi zako, kola yako, na dawa ya mikono yako. Kuna wanawake wa umri wangu ambao bado wanachagua kwa picha za ukutani kwa fundi. Hiyo ni akili na ni kipaji, usiviombee msamaha. Msamaha uombe kwa kukata na kunyamaza.

Sasa fanya hivi.

Leo, leo hii, mwite Germana chumbani. Usimweleze. Wewe kueleza hukuwezi, umesema mwenyewe, na gauni nalo halielezeki. Livae. Tembea mbele yake zile hatua zako nne, inua mikono, keti, inuka, halafu useme sentensi moja tu: "Dada, nimekata sare yako bila kukuuliza, nisamehe." Ukimaliza sentensi hiyo funga mdomo, mwache aseme yeye. Sijui atasema nini. Ninachojua ni kwamba mtu havai koti kwa siku nne, tena bila kuomba, kama anamdharau aliyelishona.

Kesho asubuhi, kabla hajaenda kazini, nenda kwa shangazi Selestina na gauni ukiwa umelivaa chini ya koti lako la shuka. Mwamkie. Mwambie jambo lilelile kwa maneno yaleyale, halafu vua koti na umwache alishike gauni, avute mshono, aingize mkono mfukoni. Mpishi haamini chakula alichosimuliwa, huonja. Atapiga kelele, na wewe kelele zake unazijua, ni za juu ya masufuria, zitapita. Usilie na usijitetee, wala usimwambie kwamba mshono wake ni mbaya, kwa sababu si mbaya, Angela amependeza nao. Mshono ule ni wa Angela tu, si wako.

Akinyamaza apumue, hapo ndipo uweke mezani ulichobeba. Kola yako ni ya haradali, sivyo? Na maua ya kitenge ni ya haradali. Usiku wa leo anza kufuma mkanda mmoja mwembamba wa uzi uleule, wa kufunga kiunoni, upeleke hicho kipande kiwe mfano. Mwambie kwamba utawafumia wasichana wote watano kila mmoja wake, ili mstari mzima uwe na haradali na wewe usiwe kipande cha ajabu ndani yake. Mkanda mmoja siku mbili, mitano siku kumi, na zinakubakia siku za kukosea. Uzi usipotosha, siku ya mnada ipo. Lakini usianze kufuma wa pili kabla hawajakubali wote, Angela akiwa wa kwanza, maana kuamua peke yako ndiko kulikokufikisha kwangu.

Halafu pita kwa fundi Modest, umwambie asikusubiri. Mwonyeshe kola. Fundi mwenzio akiuliza umefumaje, mjibu kwa sauti inayosikika, na huo uwe ndio mwanzo wa mazoezi yako ya kusema.

Na ikiwa Germana atasema hapana? Sikufichi, anaweza. Siku ni yake, kitenge ni chake, mstari ni wake. Akisema anataka sita sawasawa na wewe umeharibu, utakubali bila kununa, Angela na wenzake watamwingiza, na wewe utakaa na mama yako ukiwa na gauni lako na utapiga vigelegele kuliko wote. Itauma. Utakuwa umelipa ulichokata, na hakuna atakayekudai tena. Lakini usijihukumu kabla hajakuhukumu yeye.

Spoku za baba zirudishe kabla ya jua kuzama. Mtu anateremka mlima na baiskeli inayoyumba, wewe unafuma kola! Sindano za kufumia zinauzwa, omba mama akununulie, na ukipata chuo chako cha ufundi hutazihitaji za wizi.

Nimebakiza moja. Umenieleza dada yako anavyolia, mtu aliyemlilia kuku. Siku hiyo ataaga wazazi wake mbele ya ukumbi mzima, na mimi nimeona maharusi wengi, nakuhakikishia hakuna mmoja aliyekuwa na mahali pa kuweka leso. Gauni la bibi harusi halina mfuko. Hao watano waliobanwa mpaka magotini nao hawana. Kwa hiyo, ukimwonyesha Germana gauni lako leo, mkono wako wa kulia uwe na leso mfukoni, na wa kushoto leso nyingine. Akianza kulia, na ataanza, usiseme neno. Mpe.